Ukishaitaja tamathali, bado hujaisoma

Kazi yangu ni kufundisha fasihi na kusahihisha karatasi zake, na kuna jibu moja ambalo nimelizoea mno. Swali linanukuu sentensi, tuseme "Baba yao alikuwa na moyo wa jiwe", kisha linamtaka mwanafunzi aeleze matumizi ya lugha. Jibu linakuja kwa neno moja: sitiari. Nukta. Alama anapata, maana mwongozo unaruhusu apewe, lakini ukimwita pembeni ukamwuliza hilo jiwe limefanya kazi gani pale, anakutazama kana kwamba umeingia na swali la somo jingine.

Simlaumu. Tamathali za semi huwa tunazifundisha kama orodha ya majina, na majina yenyewe ni msururu: tashbihi, sitiari, tashihisi, mubaalagha, tasfida, kinaya, taashira, taniaba, ritifaa, tabaini. Aliyeyakariri yote huonekana amemaliza somo. Mimi naona jina ni jambo la kushughulikiwa mwishoni kabisa. Kwanza uliza ni kitu gani kimehamishwa, kimetoka wapi, kimepelekwa wapi, na ni nini kimeachwa njiani.

Rudi kwenye jiwe. Jiwe ni gumu, ni zito, ni baridi, halina sauti, hudumu miaka na miaka, hujengewa nyumba, halihisi maumivu. Katika sentensi ile zimechukuliwa sifa mbili tatu tu: ugumu, ubaridi, kutohisi. Uzito haumo. Kudumu hakumo. Hakuna anayesoma akafikiri kwamba moyo wa huyo baba ungefaa kujengea msingi. Sasa soma hii: "Wote walipoyumba, mama yao alikuwa jiwe." Jiwe ni lile lile, ila safari hii ubaridi umebaki nyuma na kilichokuja ni uimara. Lawama imegeuka sifa. Aliyeamua ni neno "walipoyumba", ambalo limemwelekeza msomaji achukue sifa ipi. Mwanafunzi akiandika "sitiari" kwa sentensi zote mbili, yuko sahihi mara mbili na hajasema lolote.

Mwingereza I. A. Richards, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1936, alizipa pande hizi mbili majina ili zisichanganywe. Kwa Kiswahili huwa tunasema kifananishwa (baba, au moyo wake) na kifananishi (jiwe). Mimi huongeza cha tatu, msingi wa mfanano, yaani zile sifa zilizovuka. Wataalamu wa balagha (elimu ya ufasaha wa usemi) ya Kiarabu walikuwa wameutenganisha msingi huo karne nyingi kabla yake, na kwao ndiko yalikotoka majina mengi tunayoyatumia mpaka leo. Abd al-Qahir al-Jurjani, wa karne ya 11, alishikilia kwamba uzuri wa usemi hauko katika neno moja moja, uko katika jinsi maneno yanavyopangwa yakashikana. Ukitazama kile "walipoyumba" kilivyolibadilisha jiwe, unaona alichokuwa anakisema.

Kuna jambo hapa ambalo vitabu vya shule huliruka. Msingi wa mfanano hautoki kwenye kitu chenyewe. Hutoka kwenye yale ambayo watu wanaamini kuhusu kitu hicho. Simba halisi anaweza kushinda amelala au amejinyoosha kwa karibu saa 20 kati ya 24, lakini hakuna anayesema "Yule kijana ni simba" akiwa na maana kwamba kijana ni mvivu. Kinyonga naye hubadili rangi zaidi kwa sababu ya joto, na kwa kuwasiliana na kinyonga wenzake, kuliko kwa kujificha. Hata hivyo, mwanasiasa anayeitwa kinyonga anaelewa vizuri ametukanwa nini. Kwa hiyo anayesoma maandishi ya watu wa mbali, au ya zamani sana, asikimbilie kumchunguza mnyama. Achunguze kwanza hao watu walimsemaje mnyama huyo.

Na huyo simba ana historia ndefu darasani. Aristotle, katika maandishi yake ya balagha, karne ya nne kabla ya Kristo, alipotaka kutofautisha tashbihi na sitiari alimtumia shujaa Achilles. Ukisema alirukia maadui kama simba, hiyo ni tashbihi; ukisema simba aliwarukia, huku ukimaanisha Achilles, hiyo ni sitiari. Tofauti, kwa maoni yake, ni ndogo. Zaidi ya miaka 2300 baadaye, bado tunamtumia mnyama yule yule kwa kazi ile ile. Nadhani amestahili kupumzika.

Tofauti ni ndogo kwa umbo, ila kwa msomaji si ndogo sana. Tashbihi inaweza kutaja msingi wake waziwazi: "ana mbio kama swala". Umeambiwa ni mbio, basi huna haja ya kuwaza miguu myembamba wala woga. Sitiari mara nyingi haikuambii. "Yeye ni swala" inakuachia kazi: ni mbio, ni wembamba, ni kushtukashtuka? Ndiyo maana sitiari ikitua vizuri ina nguvu zaidi, na ikitua vibaya inaleta ugomvi.

Tahadhari kuhusu neno "kama", kwa sababu hapa ndipo alama nyingi hupotea. Si kila "kama" ni tashbihi. "Kama utakuja, niambie" ni sharti. "Aliajiriwa kama mhasibu" inataja cheo. "Dada yake ni mrefu kama yeye" ni ulinganishi, lakini wa kweli kabisa: chukua futi ya kupimia, utathibitisha. Tashbihi huanza pale vitu viwili vinapotoka katika jamii tofauti, kiasi kwamba futi haiwezi kusaidia. Kwa upande mwingine, tashbihi huja bila "kama", kwa "mithili ya", "mfano wa", "sawa na", "kana kwamba", na katika ushairi wa zamani hata "ja".

Tamathali za jirani

Hadi hapa nimezungumzia mfanano. Kuna kundi jingine ambalo halina mfanano wowote ndani yake, na wanafunzi huliita sitiari kwa kukosa la kusema. "Anakula jasho la wenzake." Jasho linafanana na nini? Halifanani na kazi, wala halifanani na mshahara. Jasho liko karibu na kazi: anayefanya kazi hutoka jasho, na kazi huleta malipo. Tumetaja kilicho jirani badala ya kitu chenyewe. Vivyo hivyo "kalamu yake imemponza", ambapo kalamu imesimama mahali pa maandishi, na "hajatia mguu hapa tangu mwaka jana", ambapo mguu umebeba mwili mzima. Kipimo ninachowapa wanafunzi ni hiki: jaribu kuingiza "kama". "Kazi yao ni kama jasho" haileti maana yoyote, basi hiyo si sitiari. "Moyo wake ni kama jiwe" inaleta.

Mrusi Roman Jakobson aliandika mwaka 1956 kuhusu watu waliopoteza uwezo wa lugha kwa maradhi ya ubongo. Aliona kwamba baadhi yao hushindwa pale panapohitajika kuchagua neno kwa mfanano, wengine hushindwa kuunganisha kwa ujirani, akapendekeza kuwa lugha nzima imesimama juu ya nguzo hizo mbili. Wako waliolipinga pendekezo lake kwa vipengele hiki na kile. Kwangu mimi linatosha kwa jambo moja: linaonyesha kwamba kuzichanganya hizi mbili si kosa dogo la istilahi.

Istilahi zenyewe ni vurugu, lazima nikiri. Tamathali ya ujirani wengine huiita taashira, ilhali wengine hulitumia neno hilo hilo kwa ishara yoyote. Majazi kwa mwalimu mmoja ni jina la mhusika linaloendana na tabia yake, kwa mwingine ni lugha yoyote isiyosemwa kwa maana yake ya wazi. Tashihisi utaikuta pia kama uhuishi au uhaishaji, na mubaalagha ndiyo chuku. Mtahiniwa afuate kitabu kinachotumika kwenye mtihani wake; asomaye kwa raha zake asipoteze usingizi.

Sarufi inapoingia mchezoni

Tashihisi ni kukipa kisicho mtu sifa za mtu, na hapa Kiswahili kina kitu ambacho nashangaa kwa nini hakifundishwi zaidi. Soma sentensi hizi mbili polepole:

"Kifo kilimjia usiku, kikaketi kitandani."

"Kifo alimjia usiku, akaketi kitandani."

Zote ni tashihisi, maana kuketi ni tendo la mtu. Lakini katika ya kwanza kifo kimebaki katika ngeli yake. Kinafanya mambo ya watu huku bado ni kitu. Katika ya pili upatanisho umekipeleka kwenye ngeli ya watu. Sasa ni mhusika, ana uso, unaweza kumwuliza amekuja kufanya nini. Mwandishi ana hatua mbili za kuchagua, na tofauti yake ni silabi chache tu. Katika hadithi za Jua na Upepo wakibishana, "Jua akasema" na "Jua likasema" hazimfikii msikilizaji kwa namna moja. Mtafsiri asiyeliona hili hutumia umbo moja kitabu kizima, na hadithi inapooza bila yeye kujua kwa nini.

Sarufi hiyo hiyo hufanya kazi kinyumenyume. Mtu akiitwa "jitu", anasemwa kwa "li": jitu lile limekuja. Akiitwa "kijitu", anasemwa kwa "ki": kijitu kile kimekuja. Hakuna sifa iliyotajwa, hakuna mfano uliotolewa, lakini mtu ameshaondolewa katika ngeli ya watu akatupwa kwenye ya vitu. Kwenye orodha za tamathali sijawahi kuikuta, na mimi naihesabu kuwa miongoni mwa tamathali kali tulizo nazo. (Kuna pia raha ya kiboko: "kiboko ametoka" ni yule wa majini, "kiboko kimetoka" ni ile fimbo. Hiyo si tamathali, ni sarufi tu, lakini darasa huwa linaamka.)

Chuku, tasfida, kinaya

Hizi tatu naziweka pamoja kwa sababu zote zinacheza na ukweli.

Chuku si uongo, na mpaka wake ni wa ajabu kidogo. Mtu amekungoja dakika 40. Akikuambia "Nimekungoja saa mbili", amedanganya. Akikuambia "Nimekungoja mpaka nikaota ndevu", hajadanganya, ingawa ameenda mbali zaidi na ukweli. Chuku huwa halali kwa kuwa kubwa kiasi cha kutosadikika. Ikiwa ndogo hadi ikaaminika, imeshavuka kwenda upande wa pili. Ndiyo sababu nikihariri habari au ripoti huogopa zaidi chuku za wastani kuliko zile za kuezua paa.

Tasfida ni rahisi kuitambua: "ametutoka", "amejifungua", "kwenda haja". Linalovutia ni kwamba haidumu. Neno la staha likizoeleka huanza kunuka kile lilichokuwa linakifunika, na watu hutafuta jingine. Ndiyo maana kitu kinachoitwa choo kina msururu wa majina nyuma yake, msala, maliwato na kadhalika. Lakini tasfida ina upande usio na haya. George Orwell, katika insha yake ya mwaka 1946 kuhusu siasa na lugha ya Kiingereza, alionyesha jinsi kupiga mabomu vijiji visivyo na ulinzi kulivyoitwa "kuleta utulivu". Kwa hiyo ukikuta tasfida usitaje jina tu. Uliza inamlinda nani. Inayomlinda mfiwa na inayomlinda aliyeua hazifai kuandikwa kwa wino mmoja.

Kinaya ndiyo ngumu kuliko zote. Mtu amechelewa saa mbili, unamwambia, "Leo umewahi kweli!" Mwanafalsafa Paul Grice, katika makala iliyotoka mwaka 1975, alieleza kwamba msikilizaji hutambua kuwa msemaji hawezi kuwa anayaamini maneno yake, kwa hiyo hutafuta maana nyingine, na aliyo karibu zaidi ni kinyume chake. Maelezo mazuri, lakini yana pengo. Kwa nini ni rahisi kumkejeli aliyechelewa kwa kumwambia amewahi, na ni vigumu kumtania aliyewahi kwa kumwambia "Umechelewa mno"? Dan Sperber na Deirdre Wilson walijibu mwaka 1981: mwenye kinaya anarudisha mwangwi wa jambo lililosemwa au lililotarajiwa, huku akilicheka. Tunatarajia watu wawahi, basi mwangwi wa "umewahi" upo tayari hewani. "Umechelewa" itafanya kazi ikiwa tu kabla yake kuna mtu aliyesema, "Huyo hatafika kwa wakati." Hapo ndipo kinaya kinaposhika.

Kwenye maandishi kinaya hupoteza sauti na uso, vitu viwili vinavyokibeba. Mfaransa Alcanter de Brahm alipendekeza mwaka 1899 alama maalumu ya kukionyesha, yenye umbo la kukaribia kiulizi kilichogeuzwa. Haikushika. Nafikiri ni afadhali, kwa sababu kinaya kilichobandikwa alama ni sawa na fumbo lililochapwa pamoja na jibu lake.

Takriri (kurudiarudia neno), maswali ya balagha (yasiyongoja jibu) na ritifaa (kumsemesha asiyekuwepo) nazipita. Zinaonekana kwa macho, na mwenye kuzikosa ni asiyesoma kwa makini. Tanakali za sauti nazo, nyeupe pe, nyeusi tii, giza totoro, zinastahili makala yake.

Pambo au fikra?

Wengi wetu tulifundishwa kwamba tamathali ni pambo: una wazo lako lililo uchi, kisha unalivalisha. Mwaka 1980 Wamarekani George Lakoff na Mark Johnson waliyapinga mazoea hayo kwa kitabu kizima, wakaonyesha kwamba sitiari iko katika kufikiri kwenyewe. Huna haja ya kwenda mbali kuthibitisha. Mtu mwenye hasira kwa Kiswahili amewaka, damu inamchemka, anafoka, kisha anapoa. Hakuna mshairi hapo, ni mazungumzo ya kila siku, na yote yanachukulia kuwa hasira ni joto. Wakati nao tunausema kama njia: mwaka uliopita, mwezi ujao, siku za usoni, mambo ya huko nyuma. Tunaona ni kawaida kwamba kesho iko mbele ya uso. Rafael Núñez na Eve Sweetser walichapisha mwaka 2006 utafiti kuhusu Waaymara wa milima ya Andes, ambao kwao yaliyopita ndiyo yaliyo mbele, kwa kuwa yameonekana, na yajayo yako mgongoni.

Ubongo nao hauoni tamathali kuwa kazi ya ziada. Sam Glucksberg na wenzake, katika majaribio waliyoyachapisha mwaka 1982, waliwataka watu waseme tu kama sentensi ni kweli au si kweli kwa maana yake ya wazi. Sentensi za mtindo wa "kazi nyingine ni jela" ziliwachelewesha watu kusema si kweli, kuliko sentensi za uongo mtupu. Maana ya sitiari ilikuwa imeshaingia kichwani bila kualikwa, ikawazuia.

Hapa ndipo sitiari zilizozeeka zinapokuwa hatari kwa mwandishi. Mguu wa meza, mkono wa saa, meno ya msumeno, tawi la benki, mzizi wa tatizo: hatuzioni tena. Vitabu huziita mfu, ila mimi naona zimelala tu. Ziweke mbili pamoja zikiwa hazipatani, zinaamka na kupigana, kama katika sentensi hii ya aina ninayokutana nayo kila wiki mezani: "Mzizi wa mgogoro huu uzimwe kabla haujapasuka." Mzizi huchimbwa au hung'olewa. Mwandishi hakuuona, msomaji ameuona.

Kwa anayejiandaa na mtihani, nimalizie kwa sentensi niliyoitunga mwenyewe na jibu ambalo ningelipa alama zote. Sentensi: "Deni lilimsalimu kila asubuhi kabla jua halijachomoza."

Jibu: "Mwandishi ametumia tashihisi, kwani deni limepewa tendo la mtu, kusalimu. Anayekusalimu kila asubuhi ni mtu wa karibu, kwa hiyo deni limekuwa kama mkazi wa nyumba hiyo. Haliji na kuondoka. Kusalimu ni tendo la upole, na upole huo unakinzana na mateso ya mdaiwa, jambo linaloleta kinaya. Upatanisho wa 'li' umelibakiza deni katika ngeli yake: linatenda kama mtu, lakini huwezi kulibembeleza. Maneno 'kabla jua halijachomoza' yanaonyesha kuwa deni ndilo wazo lake la kwanza akiamka, na pengine ndilo linalomwamsha."